Bango Limefika, Uso Umebaki Njiani

Mama mmoja anayeuza omena karibu na steji ya 46 hapa Kawangware alisimama mbele ya bango letu la filamu, akaliangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Kijana, huyu ni nani?"

Huyo alikuwa mtoto wake.

Mtoto wake wa kwanza, miaka 22, ndiye aliyekuwa nyota wa hiyo filamu fupi, na sura yake ilijaza robo tatu ya karatasi ya A3. Macho yalikuwepo, pua ilikuwepo, lakini vyote vilikuwa vimegeuka miraba ya rangi ya kahawia, kama mtu anayekuangalia kupitia kile kioo cha dirisha la bafu. Sikumjibu haraka. Mimi ndiye niliyeprinti lile bango, mimi ndiye niliyelibandika, na mimi ndiye niliyekuwa nimesema usiku uliopita kwamba litakuwa sawa tu.

Tulikuwa watu wanne tukiandaa jioni ya sinema mtaani. Ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, projekta ya kuazima, filamu tatu: mbili za vijana wa huku na moja ya kuvuta watoto, Black Panther. Kazi yangu ilikuwa mabango. Yale mawili ya kwetu niliyapokea kwa WhatsApp. La Black Panther nililitafuta mwenyewe mtandaoni, lile la kwanza kabisa walilotoa 2017, T'Challa amekaa kwenye kiti cha enzi gizani. Nikaenda saiba. Dada wa saiba akafungua faili ya kwanza ya kwetu, akaivuta ijae skrini, akacheka kidogo.

"Hii picha imekufa, bosi."

Akanionyesha namba. Pikseli 720 kwa 1080. Sasa, ili karatasi ya A3 itoke safi kwa kiwango cha kawaida cha uchapishaji, nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Sisi tulikuwa na 720 upande ule mfupi, yaani nukta kama 61 kwa inchi. Nilimwambia aprinti tu. Bango la Marekani likatoka hadi mishono ya vazi la T'Challa unaiona, pamoja na giza lake lote. Ya kwetu yakatoka vile mama alivyoyaona. Nikayabandika matatu ukuta mmoja, na nikiwa hapo nikasikia mtoto wa shule akimwambia mwenzake, huku akionyesha kwa kidole: "Hiyo ni real. Hizo zingine ni za hapa."

Hayo maneno ndiyo yamenifanya niandike. Mtu wa kawaida akiona picha yenye ukungu hasemi kwamba faili imebanwa. Anasema filamu ni duni. Anahukumu kazi ya miezi nane kwa sekunde mbili, na hukumu yake inatokana na kitu ambacho mwongozaji, mwigizaji na mtu wa kamera hawakukifanya. Sisi tunaoandika kuhusu sinema ya Kenya tunapenda kujadili hadithi, lafudhi za waigizaji na pesa za wafadhili. Bango tunalipita tu. Na bango ndilo kitu pekee cha filamu ambacho watu wengi wa mtaa huu watawahi kukiona.

Kwanza tuelewe picha inavyokufa, kwa sababu haifi mara moja. Inakufa kwa awamu, kama sabuni ya ploti inayotumiwa na kila mpangaji. Mchoraji anatengeneza bango likiwa na pikseli elfu nne. Analituma kwa prodyusa kwa WhatsApp, nayo WhatsApp inalipunguza ili lisile data. Prodyusa analiweka Instagram, ambayo inalishusha hadi upana wa pikseli 1080. Mtu wa blogu anapiga skrinishoti. Shabiki anaichukua skrinishoti, anaiweka stetasi. Mwingine anaidaka kutoka stetasi, anaituma kwa grupu. Mimi naipata kwa grupu.

Kila kituo kinabana upya, na njia inayotumika sana ni ile ya JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa 1992. Hiyo njia inaikata picha vipande vya pikseli nane kwa nane, kisha katika kila kipande inatupa maelezo madogo ambayo imekadiria kwamba jicho halitayakosa. Mara ya kwanza huoni tofauti. Ikirudiwa mara tano, sita, huku picha ikipunguzwa ukubwa, kingo za vile vipande zinaanza kujitokeza. Ile miraba iliyokuwa kwenye shavu la kijana wa mama omena haikuwa kitu kingine. Ni mashine ikikuonyesha mahali ilipokata.

Na haikati kila mahali kwa usawa. Kinachotupwa kwanza ni tofauti ndogo ndogo: kivuli kinachoingia ndani ya kivuli kingine, ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Sasa fikiria filamu ngapi za Nairobi zimepigwa usiku, kwa taa ya barabarani na taa ya kibanda cha chipsi. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, inaishi kwenye giza la aina hiyo. Bango la Black Panther nalo lilikuwa na mtu mweusi gizani na lilitoka fiti, kwa sababu faili yake ilikuwa kubwa na haikuwa imepita mikononi mwa watu sita. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba sisi hatutoki vizuri kwa picha. Tunatoka. Shida ni safari.

Rangi nayo ina hadithi yake. JPEG kwa kawaida huweka mwanga kwa ukamilifu na rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo tu ya rangi ndiyo inayobaki, kwa hoja kwamba jicho la binadamu linajali mwanga zaidi. Kwa picha ya ngano shambani, sawa. Lakini chukua Rafiki ya Wanuri Kahiu. Huyu ni mwongozaji ambaye kwa miaka amekuwa akitetea kile anachokiita Afrobubblegum, sanaa ya Kiafrika ya furaha, yenye rangi na raha bila kuomba ruhusa. Katika filamu hiyo waridi, zambarau na rangi za nywele za Ziki ni hoja zenyewe. Rafiki ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, chini ya wiki mbili kabla ya kuonyeshwa Cannes. Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu Septemba mwaka huohuo, ili ifuzu kuwania Oscar, na watu wakajaa Prestige pale Ngong Road. Siku 7! Kabla na baada ya hapo, kwa wengi wetu, bango ndilo lililokuwa filamu. Tulilipitisha simu kwa simu. Na kila simu ilipunguza rangi kidogo, waridi ikimwagika nje ya mstari wa shavu kama lipstiki ya mtoto. Bodi ilizuia filamu kwa barua. Sisi mashabiki tulikuwa tunaifuta kwa upendo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandaa jibu. Ataniambia nimsome Hito Steyerl, Mjerumani aliyeandika mwaka 2009 insha ya kutetea picha maskini, "In Defense of the Poor Image". Niliisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijakata stori, na niliipenda sana. Hoja yake kwa ufupi: picha yenye ubora wa chini ni picha iliyosafiri. Imepoteza nyama ili ipate mbio. Bila hiyo, filamu nyingi zingebaki kabatini kwenye makumbusho ya matajiri, lakini sasa yeyote mwenye simu anaweza kuziona. Kudai ukali wa picha kila mara ni kuwa upande wa wenye mali.

Nakubali nusu. Mimi mwenyewe nimelelewa na picha maskini. Nilijua sinema kupitia zile DVD za filamu ishirini ndani ya diski moja, na kupitia kibanda cha video chenye pazia la gunia na sauti ya DJ Afro ikitafsiri ngumi. Na kubana picha si njama. Mtu anayenunua data ya shilingi 20 hataki kupokea faili ya megabaiti 8 ili aone tangazo. Ukungu huo ndio uliotuwezesha kuwa kwenye meza.

Lakini Steyerl anazungumzia nakala. Picha yake maskini ina ndugu tajiri mahali fulani, iwe ni kwenye makumbusho, studio au ghala. Nakala ikichakaa, unaweza kurudi kwa asili. Swali langu la Kawangware ni hili: je, kama asili haipo?

Angalia jirani zetu wa Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, yule wa Wakaliwood, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambazo Hollywood haziwezi kununua chakula cha mchana cha kikosi. Ikasambaa dunia nzima. Lakini toleo la awali la filamu hiyo halipo tena. Kompyuta zilikuwa za kuunganishaunganisha, umeme unakatika, nafasi ya kuhifadhi ikawa shida, na kilichobaki ni DVD ya ubora wa chini yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Hapo hakuna ndugu tajiri. Picha maskini ndiyo mtoto wa pekee.

Hata hivyo Captain Alex inaishi, na inaishi vizuri. Kwa nini hiyo inaishi na bango langu likafa ukutani? Nimeifikiria sana, na jibu ninalolipata ni mkono. VJ Emmie ameweka kazi yake juu ya ile picha mbovu. Anachekesha, anasifu, anamtania mwongozaji. Ubovu umepata mwenyewe. Ghana miaka ya 80 na 90 walifanya vilevile na mabango: wenye vibanda vya video waliozunguka na jenereta waliajiri wachoraji kupaka mabango kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga, wakati mwingine mchoraji akiwa hajaiona filamu yenyewe. Nyoka anatoka kwenye sinema ambayo haina nyoka. Leo kuna nyumba ya sanaa Chicago, Deadly Prey, inayoyauza. Hakuna anayelalamika kwamba sura ya Schwarzenegger haifanani.

Hapa Nairobi sisi tuna nganya. Serikali ilijaribu kuzinyamazisha 2004 kwa zile sheria za Michuki na mstari wa njano, lakini rangi zilirudi. Mchoraji wa matatu anachukua picha ndogo kwenye simu yake, pengine mbovu kuliko yangu, na kuitoa ikiwa na urefu wa mita mbili kwenye mgongo wa basi. Pale simu haionyeshi jicho, yeye analitafuta jicho. Anaamua. Na Mwas, yule wa Nairobi Half Life, tunapokutana naye mwanzoni ni muuzaji wa muvi kijijini ambaye anawaigizia wateja vipande vya filamu ili wanunue. Yeye mwenyewe ndiye bango.

Kwa hivyo kipimo changu si ukali wa picha. Ni kama kuna mtu aliyeamua. Kuna ukungu uliopitia mkononi mwa mtu, na kuna ukungu ambao hakuna aliyeuchagua, uliotokea tu kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake. Huo wa pili ndio umejaa kwenye mabango yetu, na huo siwezi kuutetea.

Tena mabango yenyewe mara nyingi yameomba kufa. Semeni ukweli: ni mangapi ya filamu fupi za Nairobi yanafuata fomula ileile? Uso mmoja mkubwa katikati, majengo ya jiji chini, rangi ya machungwa kupambana na buluu, majani ya tuzo za matamasha juu kama vipuli, na chini kabisa ule mkanda wa majina kwa herufi nyembamba ndefu. Ule mkanda tumeuiga kutoka Hollywood bila kuuliza ulitoka wapi. Kule mikataba hutaja ukubwa wa jina la mtu kwa kulilinganisha na kichwa cha filamu, kwa hivyo wachoraji wakanyoosha herufi ziwe ndefu na nyembamba ili majina yote yaenee. Na bango lao lina inchi 27 kwa 40. Sisi hatuna mikataba hiyo, na bango letu linaishi kwenye skrini ya inchi sita. Kwenye simu ule mkanda ni safu ya siafu. Likifika stetasi ya tatu, ni mstari wa uchafu.

Na hapo ndipo inaniuma, kwa sababu mkanda huo ni wa watu. Mtu wa sauti, mtu wa taa, dada wa mavazi aliyeazima nguo Gikomba. Kwenye filamu za mtaani wengi wao hawakulipwa, au walilipwa nauli na chapati. Malipo yao yalikuwa jina. Tuliwaahidi jina. Kisha tukaliandika kwa herufi ambazo tunajua kabisa hazitavuka mpaka Gatina zikisomeka. Nikilitazama bango letu ukutani siku ile, nilitafuta jina la rafiki yangu aliyeshika maikrofoni kwa siku nne kwenye mvua. Niliijua nafasi yake tu. Pale, baada ya doa la pili.

Sasa, nisiwe mtu wa kulaumu tu na kuondoka. Kuna vitu ambavyo havihitaji mfadhili. Faili ukiituma kama dokumenti kwenye WhatsApp inafika nzima. Tangu Agosti 2023 kuna hata kitufe cha kutuma picha kwa ubora wa juu, ila lazima ukichague, na hatukichagui. Prodyusa anaweza kuweka bango kubwa mahali pamoja wazi, na kila anayeandika kuhusu filamu alichukue hapo badala ya kupiga skrinishoti ya skrinishoti. Mchoraji anaweza kutengeneza mabango mawili: la ukuta lenye majina yote, na la simu lenye uso, jina la filamu na siku, basi, kisha majina yapewe picha yao peke yao, makubwa. Na sisi waandishi tunaweza kuacha kuchapisha uchafu kisa tunakimbizana na saa.

Lakini nikisema hivyo naona nimeigeuza kuwa mambo ya vitufe, na si vitufe tu. Bango ni ahadi. Linamwambia mtu wa 46 anayeshuka matatu saa mbili usiku akiwa amechoka: kuna kitu hapa ambacho mtu alikijali, njoo ukione. Huwezi kutoa ahadi hiyo kwa karatasi inayoonyesha kwamba hata aliyeibandika hakujali. Mtoto wa shule alisoma bango letu vizuri kabisa. Aliona kwamba moja lilitunzwa na mengine hayakutunzwa. Alikosea tu aliposema ni kwa sababu ni ya hapa.

Jioni ile watu walikuja, wengi wao kwa ajili ya T'Challa. Mama omena alikuja na kiti chake. Filamu ya kijana wake ni dakika 14, na kwenye dakika ya tatu kamera inamkaribia usoni akiwa amekaa kwenye mlango wa nyumba, taa ya jirani ikimpiga upande mmoja. Pale kwenye ukuta wa kanisa, kutoka kwenye faili nzima, uso wake ulionekana wote: kovu dogo juu ya nyusi, jasho, lile wazo linalopita kabla hajasema. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Baadaye alinishika mkono.

"Hiyo picha kubwa ya nje. Niprintie moja niweke kwa nyumba. Lakini iwe vile amekaa huku ndani, si vile amekaa pale."

Nilimwahidi. Kesho yake nikampigia mwongozaji kuomba faili ya asili ya bango. Akanielekeza kwa mchoraji. Mchoraji akaniambia laptopu iliibwa Machi na kila kitu kilikuwa humo. Nikamuuliza kama aliwahi kuituma kwa mtu yeyote ikiwa kubwa. Akafikiri. Hapana, alisema, ni kwa WhatsApp tu.

Kwa hivyo ile ya 720 kwa 1080 ndiyo iliyopo duniani. Nimeanza kuitafuta picha ndani ya filamu yenyewe, fremu kwa fremu, ili tuanze bango upya, na safari hii majina yatasomeka. Sijamaliza. Kila nikishuka 46 mama ananiona kabla mimi sijamuona, na haniulizi kitu kingine. Ananiuliza tu, "Na uso wa mtoto wangu?"